Kiambatisho Kikizuiwa: Seva ya Barua Pepe Hukagua Nini, na Nani Huarifiwa

Ofisi nyingi za umma siku hizi hupokea maombi ya kazi, ankara, maoni kuhusu bajeti na maombi ya habari kwa njia ya barua pepe. Kwa mkazi wa Mutomo au Kyuso, hilo humwokolea nauli ya kwenda Kitui mjini. Kwa mkazi wa Mtito Andei, humwokolea safari ya kwenda Wote. Hata hivyo, barua pepe inaweza kutumwa vizuri, kwa anwani sahihi, na bado isimfikie aliyekusudiwa. Sababu moja ni kwamba kiambatisho chake kimezuiwa na seva.

Somo hili linaeleza jinsi seva za barua pepe zinavyokagua virusi, kwa nini zinakataa aina fulani za mafaili hata yasiyo na virusi, na ni nani hupewa arifa faili linapokataliwa. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: ukimya si uthibitisho. Usipopata arifa ya kukataliwa, usichukulie kwamba barua yako imepokelewa na kusomwa.

Kwa nini jambo hili litushughulishe

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia wa Kenya haki ya kuomba habari kutoka kwa ofisi ya umma, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi inatakiwa kulitolea uamuzi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote katika muda wa siku 21 tangu ilipolipokea. Neno zito hapo ni "kulipokea". Ombi lililozuiwa na seva halijaanza kuhesabiwa siku hata moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa tangazo la kazi lenye siku ya mwisho, na kwa maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kikundi kilichotuma maoni kuhusu kisima cha kijiji chao, kisha kikagundua mwezi Julai kwamba barua haikufika, kitakuwa kimechelewa.

Upande wa pili wa mizani ni usalama wa ofisi. Afisa mmoja akifungua faili lenye programu mbovu, programu hiyo inaweza kuyafunga mafaili yote ya ofisi na kudai pesa ndipo iyafungue. Rekodi za wagonjwa, leseni za biashara na orodha za mishahara zikifungwa, mwananchi ndiye anayesubiri dirishani. Kwa hiyo ukaguzi wa viambatisho haukuwekwa ili kumsumbua mtumaji. Unamlinda yeye pia, kwa kuwa taarifa zake ziko kwenye kompyuta hizo hizo.

Safari ya barua kutoka saiba hadi ofisini

Tuseme uko katika saiba moja mjini Mwingi na unatuma barua kwa ofisi ya umma. Barua hiyo haiendi moja kwa moja kwenye kompyuta ya afisa. Kwanza inaingia katika seva ya kampuni inayokupa huduma ya barua pepe, yaani seva yako. Seva yako inatafuta ni seva gani inayopokea barua za ofisi hiyo, kisha inaipigia hodi. Seva hizo mbili huzungumza kwa utaratibu uitwao SMTP, ambao umetumika tangu mwaka 1982.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Seva yako inajitambulisha, inataja anwani ya mtumaji, inataja anwani ya mpokeaji, kisha inakabidhi barua pamoja na viambatisho. Seva ya ofisi inajibu kwa nambari ya tarakimu tatu. Nambari 250 maana yake ni "nimepokea". Nambari inayoanza na 4 maana yake ni "si sasa, jaribu tena baadaye", na seva yako itajaribu tena yenyewe. Nambari inayoanza na 5 maana yake ni "sipokei", na hapo safari imekwisha.

Nambari hizi zinaamua ni nani mwenye mzigo. Fikiria kifurushi unachokituma kwa matatu. Karani wa steji akikikagua mbele yako na kukikataa, unaondoka nacho ukijua kwamba hakikusafiri. Lakini akikipokea, akakuandikia risiti, kisha akakikagua jioni na kukitupa, wewe umekwenda nyumbani ukiamini kifurushi kiko njiani. Seva nazo ziko za namna hizo mbili. Nyingine hukagua barua kabla ya kujibu 250. Nyingine hujibu 250 kwanza, kisha hukagua baadaye. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata arifa au la, kama tutakavyoona.

Ukaguzi wa kwanza: virusi vinavyojulikana

Seva inayokagua barua haiangalii barua nzima kwa mara moja. Inaifumua. Maandishi huwekwa kando, na kila kiambatisho hutolewa peke yake. Kiambatisho kikiwa ni kifurushi cha mafaili mengi yaliyobanwa pamoja, kama faili la .zip, seva hukifungua na kukagua kila kilichomo. Ndani kukiwa na kifurushi kingine, hukifungua nacho.

Kila faili hulinganishwa na orodha ndefu ya alama za utambulisho wa virusi vilivyokwisha kujulikana. Programu moja inayotumiwa sana kwa kazi hii duniani ni ClamAV, ambayo hutolewa bila malipo. Ziko pia nyingi za kulipia. Zote zinategemea orodha iliyo mpya. Programu ambayo orodha yake ni ya mwezi uliopita haivijui virusi vilivyotengenezwa wiki hii, kama vile askari wa lango hamtambui mtu ambaye picha yake hajaletewa.

Ukaguzi huu una mipaka yake. Wa kwanza ni nywila. Faili la .zip lililofungwa kwa nywila haliwezi kufunguliwa na seva, kwa hiyo haliwezi kukaguliwa. Waandishi wa virusi waliligundua hilo mapema. Mwezi Machi 2004 kirusi kilichoitwa Bagle kilisambaa ndani ya mafaili ya .zip yaliyofungwa, na nywila ikaandikwa kwenye barua ile ile ili mpokeaji afungue kwa mkono wake. Mbinu hiyo imerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Ndiyo maana seva nyingi hukataa kila kifurushi kilichofungwa kwa nywila, hata kama kina cheti chako cha shule tu.

Mpaka wa pili ni wingi. Kuna faili maarufu la majaribio liitwalo 42.zip, lenye ukubwa wa kilobaiti 42 tu, ambalo likifunguliwa lote hufikia zaidi ya petabaiti 4. Hakuna seva ya kawaida yenye nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo seva huwekewa kikomo cha kufungua vifurushi ndani ya vifurushi, na kikomo kikifikiwa, barua huzuiwa.

Ukaguzi wa pili: aina za mafaili zilizopigwa marufuku

Kwa kuwa orodha ya virusi daima iko nyuma kidogo ya virusi vyenyewe, seva huwekewa kinga ya pili. Hii haiulizi kama faili lina virusi. Inauliza ni faili la aina gani.

Wakulima wa maembe wa Makueni wanaifahamu kanuni hii kwa njia nyingine. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na mauzo yaliporejea mwaka 2021, yalitegemea maeneo yaliyosafishwa dhidi ya nzi hao, Makueni ikiwemo. Katika eneo la namna hiyo, haitoshi kulikagua embe moja moja linaloingia. Embe linaweza kung'aa nje huku mayai ya nzi yamo ndani ya ganda, hayajaonekana kwa macho. Kanuni ni kudhibiti maembe yote yatokayo nje ya eneo, mazima na mabovu. Mwenye embe zima anapata hasara, lakini shamba linapona.

Seva hufanya vivyo hivyo. Mafaili ya programu, ambayo majina yake huishia na .exe, .bat, .scr, .vbs au .js, hukataliwa yote bila kuulizwa yana nini. Gmail, kwa mfano, huyakataa mafaili ya .exe, na tangu Februari 2017 huyakataa ya .js pia, hata yakiwa ndani ya .zip. Sababu ni rahisi: raia anayetuma ombi la kazi au ankara hana haja ya kutuma programu. Anatuma hati.

Marufuku haya yana historia. Tarehe 4 Mei 2000 barua pepe zenye kichwa cha kutangaza mapenzi zilianza kusambaa kutoka Ufilipino, na katika siku chache zilikuwa zimeingia katika mamilioni ya kompyuta duniani. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu waliona ".TXT" wakadhani ni maandishi matupu. Mwisho wa jina, ".vbs", ndio uliokuwa wa kweli, na Windows kwa kawaida huuficha mwisho huo usionekane. Hadi leo mbinu ya jina lenye miisho miwili inatumika. Faili liitwalo "ankara.pdf.exe" si ankara.

Seva nzuri haitosheki na jina. Inasoma mwanzo wa faili lenyewe, kwa kuwa kila aina ina alama yake. Hati ya PDF huanza na herufi %PDF. Programu ya Windows huanza na herufi MZ. Faili la .zip huanza na PK. Hivyo mtu akibadilisha jina la programu kuwa "cheti.pdf", seva itaona MZ mahali ambapo palipaswa kuwa na %PDF, na italizuia.

Hati za Word na Excel zinahitaji uangalifu wake. Faili la .docx au .xlsx ni la kawaida. Faili la .docm au .xlsm linaweza kubeba makro, yaani maagizo yanayotendeka yenyewe hati inapofunguliwa. Makro zina kazi halali ofisini, kama kupiga hesabu za mishahara, lakini zimetumika sana kubebea virusi. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro zilizomo katika mafaili yanayotoka intaneti. Seva nyingi huyakataa mafaili hayo tangu mlangoni.

Nani aarifiwe?

Hapa ndipo penye mgongano. Kwa kawaida mtu angetarajia kwamba barua ikizuiwa, mtumaji ataambiwa. Mwanzoni ndivyo seva nyingi zilivyofanya. Kirusi kilipopatikana, seva ilimwandikia mtumaji: "Umetuma virusi."

Utaratibu huo ulivunjika miaka ya 2003 na 2004. Kirusi cha Sobig.F mwezi Agosti 2003, na Mydoom mwezi Januari 2004, vilighushi anwani ya mtumaji. Viliingia katika kompyuta ya mtu mmoja, vikachukua anwani zilizokuwa humo, kisha vikatuma barua kwa majina ya watu hao. Kwa barua pepe ni rahisi kuandika jina la mwingine mahali pa mtumaji, kama ilivyo rahisi kuandika anwani yoyote nyuma ya bahasha. Matokeo yake, watu wasio na hatia walipata lundo la arifa zikiwalaumu kwa virusi ambavyo hawakuvituma. Arifa zenyewe zikawa kero ya pili juu ya ile ya kwanza, na nyingine zilirudisha hata kirusi chenyewe zikiwa zimekiambatisha.

Funzo lililotokana na hayo linafuatwa na wasimamizi makini wa seva hadi leo, na lina sehemu tatu.

Kwanza, penye virusi vya hakika, usimwandikie anayetajwa kuwa mtumaji. Huenda si yeye. Barua hufutwa au huwekwa karantini, na msimamizi wa seva ndiye anayearifiwa.

Pili, penye faili la aina iliyopigwa marufuku lakini lisilo na virusi, huenda mtumaji ni mtu halisi mwenye shida halisi. Huyu anastahili kujua. Njia iliyo salama ni kuikataa barua mlangoni, kabla ya kujibu 250. Hapo seva ya ofisi haimwandikii mtu yeyote. Inaiambia tu seva ya mtumaji "sipokei" na kutoa sababu. Seva ya mtumaji, ambayo inamjua mteja wake kwa kuwa ameingia kwa nywila yake, ndiyo inayomwandikia arifa. Barua ikiwa ni ya kughushi na imetumwa na kirusi, kirusi hakina seva ya kumwandikia mtu, na hakuna asiye na hatia atakayesumbuliwa.

Tatu, mpokeaji anaweza kuarifiwa kwamba kuna barua yake iliyowekwa karantini. Arifa hiyo humtajia mtumaji, kichwa cha barua, jina la faili na sababu ya kulizuia, lakini haimletei faili lenyewe. Akiona ni barua aliyokuwa akiitarajia, anamwomba msimamizi aikague na kuitoa.

Sasa tunaweza kueleza ukimya. Seva iliyokwisha kujibu 250, kisha ikagundua tatizo baadaye, mara nyingi haikuandikii chochote, kwa sababu zile za mwaka 2004. Barua yako inaweza kuwa imekaa karantini, na wewe huna habari. Seva haikufanya kosa. Iliogopa kumlaumu asiyehusika. Ndiyo maana ni juu yako kuuliza.

Jinsi ya kusoma arifa ya kukataliwa

Arifa ya kweli huja dakika chache baada ya kutuma, ingawa pengine huchukua siku kadhaa ikiwa seva ilikuwa ikijaribu tena. Huandikwa na seva yako mwenyewe, na jina la mwandishi mara nyingi huonekana kama MAILER-DAEMON. Watu wengi huifuta bila kuisoma kwa sababu imejaa Kiingereza cha mitambo. Usiifute. Tafuta nambari zenye nukta, kisha linganisha na hizi:

5.1.1: anwani ya mpokeaji haipo. Angalia tahajia.

5.2.2: sanduku la mpokeaji limejaa. Pigia ofisi simu.

5.3.4: barua ni kubwa mno. Punguza ukubwa wa viambatisho.

5.7.0 au 5.7.1: barua imekataliwa kwa sababu za usalama au kanuni za seva. Kiambatisho ni cha kwanza kushukiwa.

Kuhusu ukubwa, kumbuka kwamba kiambatisho hunenepa safarini kwa karibu theluthi moja, kwa kuwa hugeuzwa kuwa herufi na tarakimu za kawaida ili kipite. Faili la megabaiti 15 huwa karibu megabaiti 20. Gmail inaruhusu megabaiti 25 kwa barua nzima, na seva nyingine huruhusu chini ya hapo. Picha za vyeti zilizopigwa kwa simu, bila kupunguzwa, hufikia kiwango hicho haraka.

Arifa za uongo

Matapeli wanajua kwamba watu huogopa kukosa barua muhimu. Hivyo hutuma arifa bandia zinazosema: "Una barua tatu zilizozuiwa. Bonyeza hapa uzitoe kabla hazijafutwa." Ukibonyeza, unaletewa ukurasa unaofanana na ule wa barua pepe yako, nao unakuomba nywila. Ukiiandika, umeitoa mkononi.

Njia ya kutofautisha ni moja na haina utata. Arifa ya kweli ya kukataliwa inaeleza tu kilichotokea. Haikuombi nywila, haikuombi pesa, na haikupi dakika za kuhesabu. Ukitaka kuhakikisha, funga arifa hiyo na uingie katika barua pepe yako kwa njia uliyoizoea. Barua inayodai imetoka serikali ya kaunti, angalia anwani yake yote hadi mwisho. Mwisho wa .go.ke umetengewa taasisi za serikali ya Kenya, kama kitui.go.ke na makueni.go.ke. Anwani inayolitaja jina la kaunti mwanzoni, lakini inaishia kwingine, isiaminike. Na hata yenye mwisho ulio sahihi, kama inakuomba nywila, piga simu kwanza.

Kabla hujatuma hati kwa ofisi ya umma

Tuma hati ikiwa PDF. Mwenye saiba anaweza kukugeuzia hati ya Word au picha kuwa PDF bila kazi kubwa.

Usifunge mafaili kwa nywila, na usiyabane katika .zip ikiwa si lazima. Hati tano zinaweza kuunganishwa kuwa PDF moja.

Lipe faili jina fupi lenye nukta moja tu, kabla ya mwisho wake. "Maombi-ya-kazi.pdf" linatosha. Jina kama "cheti.final.doc.pdf" huitia seva shaka.

Andika maneno machache katika barua yenyewe: wewe ni nani, unatuma nini, kuna viambatisho vingapi. Barua tupu yenye faili tu hufanana na barua za virusi. Isitoshe, kiambatisho kikiondolewa na maandishi yakapita, afisa atajua kwamba kulikuwa na kitu na atakuuliza.

Kama unatumia kompyuta ya saiba au flashi iliyopita mikono mingi, mwombe mhudumu aikague kwanza kwa programu ya virusi. Hati njema inaweza kuambukizwa kabla hujaituma.

Usitume dakika ya mwisho. Tuma siku mbili tatu kabla, uombe jibu la kuthibitisha, na usipolipata kufikia siku ya pili, piga simu au fika ofisini. Hifadhi barua uliyotuma pamoja na arifa yoyote uliyopata, kwa kuwa zinaonyesha siku na saa. Kisha tuma tena kwa namna nyingine, au peleka nakala ya karatasi na ugongewe muhuri wa kupokelewa.

Kwa maafisa wanaopokea barua za umma

Anwani iliyotangazwa kwa wananchi isomwe kila siku, pamoja na folda ya barua taka na orodha ya karantini. Tangazo lolote linaloita maombi kwa barua pepe litaje aina za mafaili zinazokubalika na ukubwa wa mwisho, pamoja na nambari ya simu ya kuulizia. Sentensi moja katika tangazo huokoa maombi mengi.

Kila ombi linalofika lijibiwe kwa uthibitisho, na uthibitisho utaje idadi ya viambatisho vilivyofunguka.

Wasimamizi wa seva wapange ukaguzi ufanyike mlangoni pale inapowezekana, na sababu ya kukataa iandikwe kwa maneno mepesi, Kiswahili kikiwemo. Ili kujua kama ukaguzi unafanya kazi, litumike faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68, ambalo programu za virusi zimekubaliana kulitambua ingawa halina madhara. Kamwe kisitumike kirusi halisi.

Karantini ni mahali penye hati za watu: vitambulisho, vyeti, ripoti za hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu. Wachache waruhusiwe kuifungua, na iwekewe muda wa kufutwa. Virusi vikipita na taarifa za watu zikavuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, ofisi ina saa 72 tangu ilipojua kumwarifu Kamishna wa Data. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta kuripoti shambulio katika muda wa saa 24 kwa kamati ya kitaifa inayohusika na uhalifu huo. Afisa aliyebonyeza faili baya asifiche. Achomoe kompyuta kwenye mtandao na amwite afisa wa TEHAMA mara moja. Saa inayopotea kwa aibu ndiyo inayotumiwa na kirusi kuenea.

Maswali ya kujipima

1. Ulituma vyeti ndani ya .zip yenye nywila, na nywila ukaiandika kwenye barua. Wiki imepita, hujapata arifa wala jibu. Je, vyeti vimefika? 
Jibu: Hujui. Huenda viko karantini. Piga simu, kisha vitume tena kama PDF isiyofungwa.

2. Umepata arifa kwamba umemtumia virusi mtu usiyemjua. Ufanyeje? 
Jibu: Huenda anwani yako imeghushiwa. Usibonyeze chochote ndani ya arifa hiyo. Angalia folda ya barua zilizotumwa. Ukikuta barua ambayo hukuituma, badilisha nywila na ukague kompyuta yako. Usipoikuta, ibadilishe nywila vilevile kwa tahadhari.

3. Arifa ina nambari 5.7.1, na ulikuwa umetuma faili la .xlsm. Je, faili lako lina virusi? 
Jibu: Si lazima. Aina hiyo ya faili imepigwa marufuku kwa sababu hubeba makro. Lihifadhi kama .xlsx au PDF, ulitume tena.

4. Barua inasema seva ya kaunti imezuia ankara yako, na inataka uingie kwa nywila ili itolewe. Je, uingie? 
Jibu: La. Arifa ya kweli haiombi nywila. Wasiliana na ofisi kwa simu iliyo katika tangazo rasmi, si ile iliyo katika barua hiyo.